Mdomo wa Baba Rehema

Jumamosi, 3 Agosti

Sare mbili za shule zimekwisha, ya tatu nimeikata. Sindano imevunjika mara mbili. Baba Rehema kafika baada ya Alasiri akitokea Mwandiga kwa Hadija, mke mwenzangu. Siku tatu kule, siku tatu huku Ujiji kwangu. Ndivyo walivyopatana na shehe. Mimi sikuulizwa, niliarifiwa.

Pembe za mdomo zimechanika. Zote mbili, kushoto na kulia. Wekundu, na utando mweupe mweupe katikati. Nimepika migebuka ya ziwani kwa mawese, ugali wa muhogo, chakula anachokipenda tangu ujana. Tonge la kwanza kafungua mdomo, damu. Kaliweka chini. Kala mchuzi kwa kijiko kama mtoto.

Baada ya Isha katoa meno, kayaweka kwenye kikombe cha bati, kalala. Midomo ikabonyea ndani. Ndiyo sura ninayopewa mimi.

Jumapili, 4 Agosti

Nimemsukutua maji ya chumvi. Nimekamulia ndimu. Kapiga yowe mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikampaka mawese yaliyochujwa, yale mekundu ya Mama Zuhura, jirani yangu. Maumivu yametulia kidogo. Tabu ni ulimi: kila baada ya dakika anaramba pembeni. Nimemwambia acha. Anaacha, anaramba tena.

Nadhani ni petroli. Anatengeneza mashine za boti pale Kibirizi, na mpaka leo ananyonya mafuta kwa mpira kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka sitini na mitatu, bado ananyonya petroli.

Niandike na hili. Yale meno tulikwenda kuyatengeneza pamoja, Januari. Ya juu yote, ya chini manne. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimsindikiza kwa daktari mjini mara tano. Siku alipovaa nikafurahi, nikamwambia umerudi kijana. Aprili kaoa. Kumbe nilikuwa namtengeneza bwana harusi wa watu.

Jumatatu, 5 Agosti

Pembe ya kushoto imefunga kidogo. Ya kulia bado.

Nimepiga pasi shati lake la kesho. La rangi ya maziwa, mimi nimelishona. Nimelipiga pasi vizuri kabisa, kola, mikono, kila mkunjo. Halafu nikajiuliza, unampigia nani? Hadija ana miaka thelathini na minne. Ana genge la ndizi na mboga barabarani, ana sauti ya kuita wateja, ana mwanya. Mimi nina hamsini na mbili na miwani ya kutungia uzi.

Jumanne, 6 Agosti

Kaenda.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechemka. Mwandiko utakuwa mbaya.

Karudi na mdomo wa zambarau. Ile dawa ya jivii waliyokuwa wakipakwa watoto wenye utando mdomoni, zamani tulipokuwa wadogo. Hadija kampaka. Pembe zote mbili, mpaka nusu ya shavu, kama mtoto aliyekula zambarau za kuiba. Kapita nao sokoni. Kapita nao msikitini, Ijumaa! Kila aliyemwona kajua mkono wa nani umegusa mdomo wa mume wangu.

Nimechukua kitambaa na sabuni ya mche. Nimesugua. Katulia kwanza, kadhani namhurumia. Nilikuwa simhurumii. Nilikuwa nautoa mkono wa mwanamke mwenzangu kwenye uso ulio ndani ya nyumba yangu. Zambarau haitoki, naijua, kwenye nguo haitoki hata kwa jiki. Niliendelea tu. Mpaka aliposema, "Mama Rehema, unanichubua."

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemchubua kweli. Kilichokuwa kimefunga kimefunguka. Ngozi imevimba, inatoa majimaji. Uji ndio anaoweza, na uji wenyewe uwe baridi.

Mama Zuhura kaja kuchukua blauzi, kamwona, kauliza kulikoni. Nikasema ni ile dawa ya Mwandiga. Nimesema hivyo bila kupepesa. Astaghfirullah. Lakini nilisema.

Jumatatu, 12 Agosti

Kaenda. Kaaga vizuri. Mimi nimejibu nikiwa nimeuma pini.

Jumanne, 13 Agosti

Mama Zuhura huyu angepewa kazi redioni. Kapita Mwandiga na mawese yake, karudi na habari. Eti kamwona mume wangu kakaa kwenye kibao cha genge, Hadija anamenya ndizi, wanacheka. "Anacheka meno yote nje, mwenzangu, utadhani harusi jana."

Meno yote nje. Kwangu hacheki. Kwangu anakuja, anakula, anatoa meno, anageukia ukutani. Meno nimeyahangaikia mimi, kicheko kinakwenda Mwandiga.

Sikula mchana. Nimekosea kipimo cha sketi ya mteja, nimekata fupi.

Alhamisi, 15 Agosti

Karudi. Vibaya. Pembe zimeweka gamba la njano, akiongea linapasuka. Kakonda. Mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Anaongea bila kufungua mdomo, kama mtu anayenong'ona siri, na kule Kibirizi mafundi wenzake wanamtania. Kawaka. Si mtu wa kuwaka huyu.

Zambarau mpya juu ya ile ya zamani. Safari hii sikusugua. Nimemwambia kesho tunaenda kwa daktari, mimi na wewe. Mimi na wewe, nikarudia.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumekwenda mjini, kwa daktari wa kinywa. Si yule wa Januari, huyu ni binti mdogo, lafudhi ya kaskazini, mpole. Katuamkia shikamoo wote wawili kabla hajavaa glavu. Nimempenda hapo hapo.

Kamwambia atoe meno. Baba Rehema kanitazama mimi kwanza, kisha katoa. Juu kwenye kaakaa, pale meno yanapokaa, kwekundu kote. Umbo lile lile la meno, kama chapa. Sikuwahi kupaona. Binti kasema ni fangasi. Wanapenda palipo joto na unyevu, wanaota chini ya meno, mate yanawashusha mpaka pembeni mwa mdomo, na kule kuramba kunawamwagilia maji. Ndimu ni marufuku. Chumvi nyingi marufuku. Kusugua marufuku. Nikatazama dirishani.

Kauliza, "Baba, unayatoa usiku ukilala?"

"Natoa, daktari."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Na mimi nikadakia, "Anatoa, daktari. Anaweka kwenye kikombe, naona kwa macho yangu." Nilisema kwa sauti. Nilitaka ajue mimi ndiye mke ninayeona.

Wamempima sukari, iko sawa. Kapewa krimu ya fangasi, apake pembeni asubuhi na jioni, na kidogo chini ya meno kabla ya kuvaa. Wiki mbili bila kuruka hata siku. Meno yasuguliwe kwa brashi, usiku yalale kwenye maji safi, kinywa kipumzike. Kasema wiki mbili zikipita bila nafuu turudi, atatazama mambo mengine. Sikuuliza mambo gani.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimempaka mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Kafumba macho. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, sijui mara ya mwisho nilimgusa mdomo lini. Alikuwa anatulia kama mtoto anayenyolewa. Nimechukua muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jumapili, 18 Agosti

Kaenda Mwandiga. Kauliza, "Dawa iko wapi?" Nikamjibu nimekwishakupaka, inatosha, na nyingine mwambie mwenzangu akutafutie, si ana maduka ya dawa hapo barabarani.

Dawa nilikuwa nimeificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuuandikia. Sikutaka kidole cha Hadija kifanye nilichokifanya jana.

Jumatano, 21 Agosti

Karudi na pembe zimefunguka upya, ya kulia na ya kushoto. Hakupakwa kitu siku tatu. Kasema Hadija alikwenda duka la dawa, wakamwambia wanataka cheti cha daktari. Cheti kilikuwa kwangu pia.

Nilipomwona nilifurahi. Si furaha ya kumwona. Nilifurahi kwamba kwa Hadija haponi. Furaha ilikaa kidogo, halafu akajaribu kupiga mwayo, akashika mashavu kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Hapo nikajiona.

Ijumaa, 23 Agosti

Siku tatu za kwangu, krimu asubuhi na jioni. Gamba limetoka. Wekundu umepungua. Leo kala wali kwa mkono wake. Nimempigia Rehema, binti yetu aliyeolewa Kasulu, nikamwambia baba yako anaponea kwangu. Kanijibu, "Mama, haya si mashindano." Watoto wa siku hizi.

Kesho anaenda. Dawa nitampa. Nimeamua. Nimeandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: asubuhi, jioni, pembeni na chini ya meno. Halafu nikafikiri nikafuta "chini ya meno", nikaandika tu "ajuavyo mwenyewe". Hadija asije akanichunguzia mdomo wa mume kuliko mimi.

Jumanne, 27 Agosti

Sielewi.

Dawa imetumika. Nimetazama tyubu, imepungua sawasawa na siku tatu. Hadija kampaka, hakuruka. Na mdomo umerudi vile vile! Nyufa, damu, utando mweupe. Kwangu inafunga, kwake inafunguka. Dawa ile ile, mtu yule yule.

Nimeanza kuogopa. Siku tatu nilizimaliza kwa wivu, sasa nimeingiwa na hofu. "Mambo mengine" aliyosema binti wa kaskazini. Mjomba wangu alianza na kidonda cha mdomo, tukakichezea, tukamzika. Baba Rehema anakunywa chai kwa pembe ya kikombe, anakwepa midomo yake mwenyewe. Suruali inamvuka.

Nimeswali Isha nikasahau rakaa.

Jumatano, 28 Agosti

Leo Hadija kaja.

Miezi minne na zaidi, hajawahi kukanyaga kizingiti changu. Baba Rehema alikuwa Kibirizi. Nasikia hodi, natoka na futi shingoni, namwona kabeba mkungu wa ndizi kichwani, viatu mkononi. Vumbi mpaka magotini. "Mwakeye, dada," Kiha chao cha asubuhi, kisha akapiga goti, "shikamoo." Nilijibu marahaba kabla sijakumbuka kwamba nimemchukia.

Nikamkaribisha ndani, ningefanyaje. Nikachemsha chai. Kakaa ukingoni mwa kiti. Na mimi namtazama. Si mzuri sana wa karibu. Ana mikono migumu kuliko yangu.

Kaanza kulia kabla ya chai. Eti anampaka kama nilivyoandika, asubuhi na jioni, ananawa mikono kwanza, kaacha kupika pilipili, kampikia bokoboko la ndizi, na bado. Anadhani amelogwa na mtalaka wake, mume aliyeachana naye. Anadhani nyumba yake ina nuksi. "Dada, kwako anapata nafuu. Niambie unamfanyaje. Mimi nisipewe hata sifa, apone tu."

Nikasema sifanyi zaidi ya hayo. Kisha yeye, akijifuta pua na ukanga, akasema maneno haya. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Tena si kwamba ni mchafu wa kinywa. Alfajiri anajifungia bafuni na mswaki mpaka namgongea. Na meno Mungu kamjalia, umri ule hana hata pengo. Mimi mwanya, yeye hata pengo!"

Kikombe nikakiweka chini.

Hajui. Ameolewa tangu Aprili, hajui. Hajawahi kumwona bila meno. Maana yake kule hayatoi. Analala nayo. Siku tatu mfululizo, usiku na mchana, meno mdomoni, na fangasi chini yake wanafanya sherehe. Kisha anakuja kwangu, anayatoa, kinywa kinapumua, dawa inashika. Nami nilimwapia daktari kwamba anatoa kila usiku. Nikaapia hata siku nisizoziona.

Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Ongeza sukari, mdogo wangu."

Kaenda zake. Ndizi ziko jikoni. Sijazigusa.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimekaa na jambo hili siku nzima, sijashona hata mstari.

Miezi yote hii nilidhani nimeachiwa makapi. Kule anakwenda bwana mwenye meno, kwangu analetwa kizee chenye mashavu yaliyobonyea. Niliona ni dharau. Nililia kwa hilo, Mungu anajua. Kumbe kule anaigiza. Kule anabana mdomo mpaka unaoza, ili asionekane. Hapa anakuja, anatoa, analala. Mimi ndiye peke yangu duniani ninayemwona alivyo.

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Ninacho kitu ambacho Hadija hana, na hajui kama hana.

Na ili apone lazima nikitoe.

Jioni nikamwambia, nimejua. Unalala nayo kule. Kainamisha kichwa. Nilitegemea ubishi, hakubisha. Kasema, "Usimwambie, nakuomba. Ataniona mzee."

"Na mimi sikuoni?"

"Wewe si ni wewe," kasema. "Kwako naona haya ya nini?"

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nimempaka dawa. Sikuahidi kitu. Yeye kadhani nimeahidi.

Ijumaa, 30 Agosti

Asubuhi mdomo ulikuwa umefunga, karibu kabisa. Nimemwambia, leo mwambie mwenyewe, au nenda kayatoe gizani, kayavae alfajiri, shauri yako, lakini yatoe. Kasema atayatoa. Kasema haraka mno.

Kaenda. Nimemwacha aende. Ningeweza kumpigia Hadija pale pale. Simu ilikuwa mkononi, nikaitumia kutazama saa.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo ingetimia wiki mbili za daktari. Wiki mbili zenyewe zina matundu kama wavu.

Nimezipika ndizi za Hadija. Tamu. Hilo nalo limeniudhi.

Jumapili, 1 Septemba

Hadija kapiga simu saa mbili asubuhi. Sauti haina nguvu. Kasema Baba Rehema tangu Ijumaa jioni hajala, chai tu na maji. Jana kwenye swala, pale kwenye Amin, pembe ikachanika hadi kwenye shavu, damu ikaingia kwenye ndevu. Sasa amekataa hata maji. Amegeukia ukutani. "Dada, naogopa nitaitwa mjane mara ya pili."

Sikujua kwamba ni mjane. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Mimi kwa miezi yote nilikuwa namjua mtalaka mmoja tu.

Nikafunga cherehani. Nikakodi bodaboda, liwalo na liwe. Njia nzima nimeshika kilemba, najiambia nitasema, sitasema, nitasema. Yule kijana wa boda kaniuliza kama naenda msibani.

Nyumba yake ni ndogo. Chumba na sebule, safi, pazia la maua. Sijui nilitarajia nini. Baba Rehema kalala kwenye mkeka, kaniona, macho yakamtoka pima. Kajua mara moja nimefuata nini. Katikisa kichwa: hapana, hapana. Hadija kasimama mlangoni na ungo wa mchele, haelewi.

Nikakaa chini mbele yake. Nikasema, "Baba Rehema, toa."

Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Utatoa mwenyewe au nikutoe mimi?"

Akanitazama. Sitasahau alivyonitazama. Kama nimemvua nguo sokoni. Kisha akatazama ukuta, akaingiza vidole, akatoa. Ya juu, na yale manne ya chini. Harufu ikatoka. Uso ukaporomoka, ule ninaoujua mimi. Kayashika kiganjani, hajui ayaweke wapi.

Sasa niandike lililo baya zaidi kuliko yote ya daftari hili. Wakati ule mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Hadija. Nilitaka nione anavyokunja uso. Nilitaka achukie, hata kidogo tu, arudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimekwenda kumponya mume wangu na nilikuwa naomba mwanamke mwingine achukizwe naye.

Hakukunja uso. Kaweka ungo chini. Kamtazama, akanitazama mimi, akaelewa yote kwa pamoja, alfajiri za bafuni na kila kitu. Kaingia ndani, karudi na bakuli la maji. Kapiga magoti, kamwambia taratibu, "Weka humu, baba. Yote haya ulikuwa unanificha mimi? Mimi niliyemfukia marehemu mume wangu kwa mikono yangu?" Kisha kachukua pembe ya ukanga wake, kamfuta damu kwenye ndevu. Baba Rehema kalia, mdomo wazi, bila meno, mbele yetu wawili.

Nikamwonyesha Hadija kwenye kaakaa, pale pekundu. Nikamwonyesha kiasi cha dawa, chembe ya mchele, si zaidi, na jinsi ya kusugua meno kwa brashi ukishikilia juu ya beseni yasianguke yakavunjika. Nimemfundisha kila kitu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Anajifunza haraka.

Nikarudi kwa miguu hadi njia kuu. Nilihitaji kutembea.

Jumatatu, 2 Septemba

Karudi kwangu, zamu yangu. Hakusema nami mpaka Magharibi. Halafu kasema, "Umeniaibisha." Nikasema ndiyo. Kasema, "Nimekula uji leo asubuhi. Bakuli mbili."

Jumatano, 4 Septemba

Tumerudi kwa binti wa kaskazini. Nimemwambia nilimdanganya, mimi na huyu, hakuwa anatoa kila usiku. Hakutukaripia. Kasema wazee wengi wanaona haya, hasa wenye ndoa mpya. Kaanzisha upya wiki mbili, leo siku ya kwanza. Kaandika vyeti viwili. Viwili niliomba mimi, kimoja cha huku, kimoja cha kule.

Njiani Baba Rehema kasema atatafuta pampu ya kuvutia petroli. Tutaona.

Jumapili, 8 Septemba

Katoka Mwandiga leo akifuata zamu. Nimetazama pembe zote mbili kwenye mwanga wa mlango, na miwani. Kumefunga! Siku tatu zote za kwake, na kumefunga. Nimetafuta ufa, sikuuona. Nimetafuta vizuri, kuliko mtu anayetaka asiuone.

Jumanne, 10 Septemba

Migebuka, ugali wa muhogo, mawese. Tonge zima. Kafungua mdomo mpaka mwisho, kameza, kaongeza. Nimegeuka nikajifanya nachochea moto.

Alhamisi, 19 Septemba

Wiki mbili zimetimia jana bila kuruka siku. Hakuna alama, isipokuwa ngozi ya pembeni ni laini na nyeupe kidogo, kama ya mtoto. Yuko Mwandiga tangu juzi asubuhi.

Leo nimeshona gauni la bibi harusi, nimelikabidhi, wamelisifu. Upepo wa ziwa umevuma mchana kutwa, nguo zilikauka upesi.

Baada ya Isha Hadija kaleta ujumbe wa sauti kwenye simu, kunishukuru. Nyuma yake nikamsikia Baba Rehema anasimulia kisa cha boti iliyozimika katikati ya ziwa, maneno yanateleza teleza, yale ya mdomo usio na meno. Anacheka. Nimeishi na mdomo ule tangu Januari na sijawahi kuusikia ukicheka. Nimeurudia ujumbe mara tatu.

Nikamjibu, alhamdulillah, mdogo wangu, amepona. Kisha nikaosha kikombe nilichonywea chai, nikatandika kitanda upande mmoja.